Nyuma ya Vitabu vya Mapishi

Jumatatu asubuhi tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa nyuma ya kaunta, na Gundi akalisoma mara mbili. Karatasi moja tu, muhuri chini, maneno makavu: mkuu wa tawi anastaafu, nafasi inajazwa kutoka humu humu ndani, wanaostahili ni wawili, na wakaguzi wa makao makuu watakuja Ijumaa saa nne kusoma rafu kabla ya usaili.

Kusoma rafu si kusoma vitabu. Mkaguzi anasimama mbele ya rafu yako, anaweka kidole kwenye mgongo wa kitabu cha kwanza, anaangalia namba iliyobandikwa pale chini, anasogea cha pili, cha tatu, mpaka mwisho wa ubao. Halafu anapitisha mkono nyuma, kuangalia kama kuna kilichodondokea huko. Namba zikipanda sawasawa kama ngazi, wewe mkutubi. Kitabu kikikutwa pasipo pake, alama moja chini. Kikutwe kimefichwa kwa makusudi, ni kesi. Aliyekificha anafungiwa mlango mwaka mzima, na mfanyakazi aliyejua akanyamaza, yake anaijua Mungu na makao makuu.

Sasa Gundi kwa kupanga hana mpinzani. Ana miaka kumi na minne kwenye jengo lile. Jina lenyewe la Gundi alipewa kwa sababu vidole vyake haviishi harufu ya gundi: kitabu kikichanika, yeye, jalada likibanduka, yeye. Alianza na ufagio. Akapandishwa kupanga vitabu, akasomea cheti cha ukutubi jioni kwa miaka mitatu huku macho yanamfumba, akapewa kaunta, mwisho akakabidhiwa upande mzima wa mia sita, yaani vitabu vya kazi za mikono: umeme, injini, ukunga, mifugo, mapishi, ushonaji. Ukimshtua usingizini ukamwambia "minyoo ya mbuzi", anakutajia namba na rafu kabla hajafumbua macho.

Kasheshe ni kwamba kwenye rafu zake mlikuwa na vitabu kumi na tisa visivyokaa mahali pake. Alikijua kila kimoja. Na aliyekuwa akiviacha ni yeye mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Ili upate kadi ya kuazima kitabu, lazima ulete barua yenye namba ya nyumba yako. Kule bondeni, alikozaliwa Gundi na anakoishi mpaka leo, nyumba hazina namba. Hazijawahi kuwa nazo. Waliokuja kupima walipima mpaka kwenye daraja, wakaona tope, wakageuza. Basi mtu wa bondeni anaruhusiwa kuingia maktaba, anaruhusiwa kukaa, anaruhusiwa kusoma mpaka macho yamtoke, ila saa kumi na moja ikifika anakiacha kitabu pale pale anakwenda zake. Kesho akirudi, mwenye kadi kashakichukua, na hakionekani wiki tatu. Upuuzi mtupu, lakini ndiyo sheria.

Watu wa bondeni si wajinga. Fundi umeme, baba wa watu mwenye miaka hamsini na mvi zake, anasoma kitabu cha umeme kujiandaa na mtihani wa kupanda daraja la ufundi. Jioni anakisukuma nyuma ya vitabu vya mapishi. Nani atakwenda kutafuta waya nyuma ya keki? Mama mmoja anayefua mashuka hospitalini anataka kuingia chuo cha ukunga. Kitabu chake kinalala nyuma ya injini za dizeli. Hivyo hivyo mpaka kumi na tisa. Asubuhi wanaingia, wanakwenda moja kwa moja, mkono nyuma, kitabu hiki hapa. Gundi akipita kupanga anakiona, anafuta vumbi, anakirudisha kwenye maficho yake. Hajawahi kuongea nao neno juu ya hilo. Wala wao hawajawahi kumshukuru. Mambo mengine ukiyatia mdomo yanakufa.

Jumanne yake Miwani akaja kuegemea kaunta. Miwani ndiye huyo wa pili anayestahili: kijana wa watu, ana digrii, ana tai tatu, ana miaka miwili kazini.

"Dada Gundi, rafu zako siku hizi zina wageni."

"Wageni gani?"

"Nimekwenda mapishi kumtafutia mteja kitabu. Nyuma ya keki nimekuta transfoma."

"Labda ilikuwa na njaa."

Miwani alicheka, tena kwa roho safi, si mtu mbaya. Lakini akainama, akapunguza sauti. "Cheka tu, dada yangu. Ijumaa hawatacheka. Mimi sitasema kitu, ila wale wana mikono, wataingiza."

Akaondoka. Gundi akabaki ameshika muhuri hewani, amesahau alikuwa anagonga nini.

Usiku ule hakula. Jumatano akakosea tarehe mara tatu kwenye vitabu vya watu, yeye ambaye hajawahi kukosea hata mara moja. Maana hebu fikiria. Kuna matawi kumi na moja, na wakuu kumi na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa bondeni. Wafagizi wa bondeni wapo tele, walinzi wapo, wabeba maboksi wapo. Mkuu, hakuna. Ukitaja unakotoka mtu anashika mkoba wake vizuri, eti anaurekebisha. Gundi alishaona mikoba mingi ikirekebishwa. Alikitaka kile kiti mpaka kinamuuma, na alikuwa anaona aibu kukitaka hivyo.

Jumatano jioni alimkuta shangazi yake, ndiye aliyemlea, yuko kwenye cherehani anambania koti la Ijumaa.

"Simama hapa. Nyoosha mgongo. Mbona umenywea? Koti litakukaa kama limeazimwa."

"Shangazi, nikikosa je?"

"Ukikosa utakula ulichokuwa unakula jana. Inua mkono." Shangazi alikuwa na pini mdomoni, lakini hazikumzuia kuongea. "Hebu niambie ukweli. Hofu yako si usaili. Ni nini?"

Gundi akamwambia yote, kumi na tisa.

Shangazi akatoa pini, moja moja, akazichomeka kwenye mto. "Mwanangu, wewe ni mpumbavu au unajifanya? Virudishe. Kesho hiyo hiyo. Pata kiti kwanza, ukishakaa ndipo ubadilishe sheria zao. Mwenye kiti ndiye anayesikika. Aliyesimama anaambiwa apishe njia."

"Fundi ana mtihani Jumatatu."

"Fundi ana mtihani, na wewe huna? Au wako si mtihani kwa sababu hauna waya?"

Maneno yakamwingia. Shangazi akiongea hivyo huna pa kutokea.

Alhamisi, maktaba ilipofungwa mchana kwa saa moja ya mapumziko, Gundi akaanza kuvirudisha. Alianza na ukunga. Akakitoa nyuma ya dizeli, akakipeleka kwake kwenye mia sita kumi na nane, akakisimamisha mstari wa mbele, mgongo nje, namba inang'aa. Akaenda mifugo, akaenda ushonaji, akaenda useremala. Kila kitabu kilikuwa na alama ya mwenyewe: kijiti, tiketi, kipande cha kitambaa, ganda la peremende limekunjwa vizuri. Akawa anazitoa anazitia mfukoni mwa koti la kazi, na kila akitia moja anajisikia kama anampekua mtu mfuko.

Kumi na nane vikaisha. Kikabaki cha umeme.

Akakivuta kutoka nyuma ya mapishi. Ndani mlikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Fundi alikuwa amechora mzunguko wa waya kwa kalamu ya risasi, amefuta, amechora tena, amefuta mpaka karatasi imetoboka, na pembeni ameandika namba yake ya mtihani mara mbili, kana kwamba anaogopa ya kwanza itamkimbia. Gundi akaikunja tena mara nne, akairudisha ndani. Angekiazima kwa kadi yake mwenyewe, lakini mfanyakazi anaruhusiwa viwili tu, na viwili vyake vilikuwa tayari kwa watu wawili wengine wa bondeni, jambo ambalo nalo ni kesi nyingine.

Kengele ya kufungua mlango ikalia. Akasikia nyayo. Akakisukuma nyuma ya keki, karatasi yake ndani, akaondoka haraka kama mwizi.

Kimoja tu, akajiambia. Kimoja hakiui.

Jioni ile ile, mtu mwenye kadi, shati limepigwa pasi, akaweka kitabu cha ukunga kaunta. Gundi akakigonga muhuri. Wiki tatu. Muhuri ukakaa upande.

Ijumaa saa nne kamili wakaingia. Mama mkaguzi alikuwa mtu wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, viatu bila kisigino kama mtu aliyejiandaa kusimama sana. Nyuma yake mzee mmoja na ubao wa kuandikia, ambaye siku nzima hakufungua mdomo zaidi ya kukohoa. Walianza na Miwani, kwenye vitabu vya historia. Alama sita chini, makosa ya kawaida tu. Miwani akafuta jasho. Halafu wakahamia kwa Gundi.

Ubao wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Mkono nyuma, vumbi hakuna. Mama mkaguzi akamwangalia Gundi kwa jicho la kuridhika. "Umejiandaa."

"Ni kazi yangu, mama," alisema Gundi, koti la shangazi likimbana kwapani.

Basi hapo ndipo alipokosea hesabu. Alikuwa ameviwaza vitabu usiku na mchana, akasahau kwamba vitabu vina watu.

Saa tano na nusu mlango ukafunguka, akaingia yule mama wa mashuka, yuko mapumzikoni, ana dakika ishirini. Kama kawaida yake, moja kwa moja kwenye injini za dizeli. Mkono nyuma. Akapapasa. Akapapasa tena, kulia, kushoto. Akainama akachungulia. Akageuka akamwangalia Gundi. Gundi akaangalia dirisha.

Mara akaingia seremala. Mkono nyuma ya nyuki. Hakuna. Akaingia binti wa ushonaji, mkono nyuma ya saruji. Wakafuatana watano, sita, saba, kila mmoja kwenye rafu yake anapapasa kama watu waliopoteza funguo gizani. Na kila anayekosa anageuka kumtazama mtu mmoja.

Mama mkaguzi akasimamisha kidole. Akavaa miwani. "Samahani. Hawa watu wanatafuta nini nyuma ya vitabu?"

Miwani, huko mbali, akaanza kukohoa ghafla kama aliyepaliwa.

"Wanatafuta vitabu, mama," alisema Gundi.

"Nyuma?"

Kabla hajajibu akaingia fundi umeme, kofia mkononi, anakwenda mbio mbio kwenye mapishi, na pale kwenye mapishi ndipo mama mkaguzi aliposimama. Fundi akakwama katikati ya hatua. Akatazama viatu vyake. Huhitaji shule kumjua mtu mwenye siri akiwa amesimama hivyo. Mama mkaguzi akamtazama fundi, akatazama rafu, akaingiza mkono nyuma ya keki taratibu, akatoka na kitabu cha umeme. Karatasi ikadondoka, ikajikunjua sakafuni, na ule mzunguko wa waya ukawa wazi kwa kila mtu.

"Hiki ni cha nani?"

Yule mzee akainua kalamu. Gundi aliona midomo ya fundi inaanza kufunguka, na alijua kitakachotoka. Mzee wa watu angesema "ni changu", angefungiwa mwaka, na yeye angebaki na alama moja tu chini, kiti mkononi. Ilikuwa rahisi. Alitakiwa kunyamaza tu.

"Nimekiweka mimi," alisema Gundi.

"Wewe?"

"Nimekirudisha hapo kwa mkono wangu. Na si hicho tu. Vilikuwa kumi na tisa. Jana nikavirudisha kumi na nane, ndiyo maana mnaona watu wanapapasa."

Hasira ikaipa sauti yake nguvu. "Na kabla hujaniambia ni wezi, mama, kwa heshima zote, nikuulize swali. Mwizi anaficha kitabu wapi? Chini ya shati. Hawa wanaficha kwenye rafu yako! Kitabu kinalala humu humu ndani, chini ya kufuli lako, miaka yote hakijapotea hata kimoja. Hawana kadi kwa sababu nyumba zetu hazina namba. Wameambiwa wasome, wanasoma. Wamefanya kosa gani?"

"Nyumba zetu?"

"Za bondeni. Mimi ni wa huko. Nilikuwa nafanya hivyo hivyo nikiwa mtoto, nyuma ya kamusi, pale."

Mama mkaguzi akainama, akaiokota karatasi ya fundi, akaitazama muda mrefu. "Unaijua sheria?"

"Naweza kukutajia kifungu."

"Ukaivunja."

"Ndiyo."

"Na jana ukaamua kuifuata. Kwa nini jana?"

Hilo ndilo swali lililomchoma. Gundi akaangalia wale watu, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa mama wa mashuka. "Niliogopa," alisema. "Nilikitaka kiti."

Mama mkaguzi akamrudishia fundi karatasi yake. Kitabu akakiweka mahali pake, mia sita ishirini na moja, mgongo nje. "Kaa usome, baba," alimwambia. Kisha akamgeukia Gundi. "Twende ofisini. Bado hujahojiwa."

Huko ofisini alikaa saa nzima. Waliuliza ya bajeti, ya mapaa yanayovuja, ya wafanyakazi wachelewaji. Mwisho mama mkaguzi akauliza angefanya nini na watu wasio na namba za nyumba. Gundi akasema angeweka rafu moja pembeni ya kaunta, msomaji anaacha kitabu chake pale jioni kikiwa na jina lake, siku saba hakiguswi. Haihitaji kadi, haihitaji barua, inahitaji ubao mmoja na misumari. Yule mzee akaandika. Akakohoa. Basi.

Halafu ndiyo ikaja ile kazi ya kungoja, na kungoja kunamla mtu kuliko ugonjwa. Wiki ya kwanza, kimya. Simu ya ofisini ikilia Gundi anadondosha kitu. Shangazi naye alikuwa haongei naye vizuri. "Kiti kimekuja mpaka mlangoni, umekipiga teke," alisema, kisha akamwongezea chakula kwenye sahani.

Wiki ya tatu ikaja bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na barua mbili, zimebanwa kwa pini moja. Ya kwanza, onyo kali kwa kukiuka kanuni za maktaba, nakala kwenye faili lake. Ya pili, anateuliwa kukaimu ukuu wa tawi kwa miezi sita, baada ya hapo ataangaliwa tena. Rafu ya pembeni imekubaliwa kwa majaribio.

Shangazi akazisoma zote mbili, akazigeuza kuona kama nyuma kuna kitu. "Wamekupa kiti na msumari juu yake."

"Nitakaa hivyo hivyo, shangazi."

"Utakaaje?"

"Upande."

Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta. Gundi hakucheka sana. Miezi sita ni siku ngapi? Alikuwa ameshaanza kuzihesabu.

Ubao ukapigwa misumari. Miwani ndiye aliyeushika wakati Gundi anagonga, na ni yeye aliyeandika bango kwa mwandiko wake mzuri: Acha kitabu chako hapa. Siku ya kwanza hapakuwekwa hata kimoja. Ya pili, hakuna. Wiki nzima rafu imesimama tupu, imepakwa rangi mpya, kama duka lisilo na mteja. Mama wa mashuka alikuwa anaingia, anaangalia kama kitabu cha ukunga kimerudi, hakijarudi, mwenye kadi ameongezewa wiki tatu nyingine, anatoka. Salamu ya Gundi anaipokea kwa kichwa tu. Wala huwezi kumlaumu.

Jioni moja, saa kumi na moja kasoro, Gundi akapita kwenye mapishi akamkuta fundi umeme mkono umezama nyuma ya keki mpaka kwenye kiwiko. Mtihani alikuwa ameshafaulu, sasa alikuwa anasoma kwa ajili ya daraja linalofuata.

"Baba! Rafu ipo pale! Nimepata onyo kwa ajili ya rafu ile!"

Fundi akautoa mkono taratibu, akajifuta vumbi. "Naiona, mwanangu. Nzuri kabisa."

"Sasa?"

"Wewe ni kaimu," alisema, si kwa ubaya. "Miezi sita. Akija mwingine akaing'oa, majina yetu yote yatakuwa yameandikwa pale mbele yake. Kiti chako kikishakaa vizuri na mimi nitaweka changu."

Akavaa kofia, akaaga, akaenda zake.

Gundi alisimama pale. Barua ya onyo ilikuwa kwenye droo, siku alizobakiza zilikuwa mia moja sabini na moja, na mkaguzi anaweza kuja bila hodi. Akaingiza mkono nyuma ya keki, akakigusa kile kitabu. Kilikuwa kimesimama vibaya, kona imechomoza. Akakisukuma ndani zaidi, mpaka kisionekane, akaenda kufunga mlango.